Nyoka ndani ya klima (kiyoyozi): dalili, vyanzo na hatua za kuchukua

"Papa, mukuye mbio, kuko nyoka mu klima!"

Hapa Lubumbashi simu za namna hii huanza mwezi wa tisa. Joto linakaza, moto wa pori umeteketeza majani pembezoni mwa mji, na watu wanawasha mashine zilizokaa kimya tangu baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Simu huongezeka tena mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zinapojaza mashimo na vichuguu. Mimi ni frigoristi, fundi wa klima, sishiki nyoka. Hapa nimepanga mambo kwa dalili, jinsi watu wanavyozieleza kwenye simu: kwanza chanzo kinachotokea sana, kisha kile cha nadra.

Elewa hili kabla hatujaendelea: nyoka hatoboi kitu ili aingie. Anapita tundu aliloliacha fundi. Mtu anayefunga spliti, yaani klima yenye kipande cha ndani na cha nje, hutoboa ukuta kwa upana wa milimita 65 hivi, na tuyo (mabomba) mbili za shaba, waya na mpira wa maji haviwezi kulijaza tundu hilo. Pakiachwa wazi, au pakizibwa kwa mfuko wa plastiki, basi njia ipo. Nyoka mchanga anapenya mahali unapopitisha kidole.

Kinachomwita ni chakula. Taa ya nje inavuta wadudu, wadudu wanavuta mijusi, na mijusi hupenda kulala nyuma ya klima kwa sababu pana giza, unyevu na joto la ukuta. Nyoka huja nyuma ya mijusi. Ukiwa na mijusi mingi kwenye klima yako, usingoje dalili nyingine, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho ya maelezo haya.

Kabla ya kugusa chochote

Zima umeme kwenye disjonktere, swichi kuu ya kukata umeme. Usizime kwa telekomande (rimoti), kwa sababu mashine iliyozimwa hivyo bado ina kuranti (umeme) ndani yake. Ikiwa kofre (kasha) ya disjonktere iko chumba hicho hicho na lazima upite chini ya klima kuifikia, kata kwenye kaunta (mita ya umeme) ya nje. Na kama umeme umekatika mtaani, shusha disjonktere vilevile. Kuranti ikirudi usiku wakati mtu amepanda kwenye ngazi na nyoka yuko ndani, mashine inaweza kujiwasha yenyewe.

Usinyunyize dawa ya mbu, petroli wala maji ya moto. Usiwashe moto wala kufukiza moshi. Dawa na moshi humchanganya nyoka akatoka upande ambao hukuutarajia, na mashine nyingi mpya zina gazi ya kupoza iitwayo R-32, ambayo inaweza kushika moto. Tuyo ikitobolewa kwa mpini wa jembe au panga, gazi ya ndani inatoka kwa nguvu. R-410A, gazi nyingine ya klima, ina msukumo wa zaidi ya bari 15 hata mashine ikiwa imelala, chumba kikiwa na joto la nyuzi 25, na inachemka chini ya nyuzi 50 za baridi. Ikigusa ngozi, inaiunguza kwa baridi.

Dalili ya 1: Unamwona. Mkia unaning'inia, au kichwa kimetokeza kwenye mabamba ya kutolea hewa

Hapa hakuna cha kutafuta, kuna cha kufanya, na mpangilio wake una maana.

Watu wote watoke, watoto na mbwa kwanza. Mmoja tu abaki akimwangalia akiwa mlangoni, si karibu ya mita 3, amevaa miwani yoyote, hata ya jua. Sababu ya miwani ni swila, kobra anayetema sumu. Tunaye huku Katanga, na anaweza kutema hadi mita 2 au 3 akilenga macho.

Kata kuranti. Fungua dirisha au mlango unaotoka nje, kisha funga mlango unaoingia nyumbani na uzibe chini yake kwa taulo. Zima taa ya chumba, acha kimya. Nyoka wengi wanaoachwa hivyo, bila kelele, huondoka wenyewe giza likiingia. Najua ni vigumu kungoja saa nzima au zaidi kitu hicho kikiwa ndani ya chumba chako cha kulala, lakini kungoja huko kumeokoa watu kuliko fimbo.

Piga picha kwa simu kutoka mlangoni, ukivuta karibu kwa kamera na si kwa miguu yako. Picha hiyo itamsaidia mtu utakayemwita, na daktari kama mambo yataharibika.

Watu huniuliza: je, nikimtambua kuwa ni nyoka wa nyumba, yule wa kahawia mwenye mistari miwili hafifu kila upande wa kichwa, asiye na sumu ya kumdhuru mtu? Ndiyo, huyo ndiye anayepatikana sana majumbani, anakula panya na mijusi, na hana hatari. Lakini sikubali mtu atambue nyoka kwa kuona sentimita 10 za mkia gizani. Wa kijani ndio wanaodanganya zaidi: nyoka wengi wembamba wa kijani hawana madhara, ila nyoka wa miti anayeitwa boomslang huweza pia kuwa wa kijani, naye sumu yake inazuia damu kuganda. Kwa hiyo mchukulie kila mmoja kuwa ana sumu.

SIMAMA, ITA MTU: kama kichwa hakionekani, kama nyoka ametanua shingo au anafoka, kama ni mnene kuliko kidole gumba, au kama amejikunja kwenye feni na hawezi kutoka. Mtu wa kumwita ni yule anayeshika nyoka kwa kazi yake, akiwa na ndoano na chombo cha kufungia. Frigoristi anakuja wa pili, kufungua mashine kuranti ikiwa imekatwa. Sentinele (mlinzi) mwenye panga hamo katika orodha hii, hata akijitolea kwa moyo mzuri. Namba ya mtu wa nyoka itafute leo, uiandike ubavuni mwa kofre.

Usiiwashe mashine "ili imtoe". Nimeitwa nyumba moja upande wa Bel-Air baada ya kijana kufanya hivyo. Ngoma ya feni ilimkata nyoka, ikatupa damu kwenye kitanda na ukuta, mabawa matatu ya feni yakavunjika, na kipande chenye kichwa kikabaki ndani kikiwa bado kinauma kila kilichokigusa.

Dalili ya 2: Aliingia, sasa haonekani

Chanzo cha kwanza ni kwamba yuko nyuma ya mashine, si ndani yake. Kati ya ukuta na mgongo wa kipande cha ndani pana nafasi ya tuyo, na hapo nyoka anajinyoosha vizuri asionekane kutoka mbele. Cha pili: amerudi nje kwa tundu alilokuja nalo. Cha tatu: ameshuka chumbani, yuko chini ya kitanda, nyuma ya kabati au ndani ya viatu. Cha mwisho ni kwamba amepanda juu ya dari kwa upenyo wa pembeni.

Jaribio rahisi ni unga. Kuranti ikiwa imekatwa, nyunyiza unga wa bukari (ugali), tabaka jembamba, sakafuni chini ya klima na mbele ya mlango, na nje chini ya tundu la ukutani. Funga chumba, mlale kwingine. Asubuhi tazama kabla ya kukanyaga. Nyoka huacha mfereji mmoja usiokatika, ulionyooka au wenye mawimbi. Mjusi huacha nukta za vidole na mstari wa mkia katikati. Ukiona mfereji unaoelekea nje, vizuri. Ukiona unaoelekea kabatini, chumba hicho si chako tena mpaka mtu wa nyoka afike.

Usizibe tundu siku hiyo. Watu wengi hufanya kosa hili kwa sababu ya hofu: wanamfungia ndani.

Dalili ya 3: Sauti ndani ya klima

Wengi wanaonipigia kwa ajili ya sauti hawana nyoka. Vyanzo, kwa mpangilio wa wingi:

1. Plastiki inayotanuka na kusinyaa. Ni "ta, ta" kavu, dakika chache baada ya kuwasha au kuzima. Haina tatizo.
2. Mjusi. Vihatua vifupi vya haraka, mara nyingine mlio wa "chek-chek" usiku.
3. Panya. Kutafuna, na vipande vya sponji ya tuyo vinaanguka sakafuni.
4. Nyoka. Mkwaruzo mrefu, wa polepole, kama kamba inayoburutwa juu ya karatasi, kisha kimya kirefu. Au kufoka.

Zima kwenye disjonktere, subiri nusu saa chumba kikiwa kimya, sikiliza. Plastiki itanyamaza kabisa. Mkwaruzo mrefu ukirudi, fanya kama ulimwona: rudi Dalili ya 1.

Panya wakithibitika, usilale ukijipongeza kwamba si nyoka. Panya leo ni nyoka kesho.

Dalili ya 4: Ngozi iliyovuliwa, au kinyesi, chini ya klima

Kwanza hakikisha ni ngozi ya nani. Mjusi huvua ngozi kwa vipande vipande. Nyoka huvua yote kwa pamoja kama soksi iliyogeuzwa, na kichwani utaona hata vifuniko vya macho, duara mbili ndogo angavu. Urefu wa ngozi usikutishe, hunyooka wakati wa kuvuliwa, kwa hiyo nyoka mwenyewe ni mfupi kuliko hiyo. Kinyesi cha mjusi ni kipunje cheusi chenye ncha nyeupe. Cha nyoka ni kikubwa zaidi, chenye sehemu nyeupe kama chokaa.

Ngozi kavu inayovunjika inaonyesha alipita kitambo. Ngozi laini yenye unyevu inaonyesha yuko karibu. Kata kuranti, funga chumba, tumia unga.

Niseme jambo ambalo si la ufundi, kwa sababu nimelikuta mara nyingi mno. Ngozi ya nyoka ikipatikana juu ya kitanda, kabla mtu hajachungulia ukuta, tayari jina la jirani, la shangazi au la mke wa kaka limetajwa. Nimeingia nyumba ambamo watu wa lupango (kiwanja chenye nyumba) moja walikuwa hawasalimiani tena, na nyuma ya klima palikuwa na tundu la kuingiza ngumi, mijusi saba na mayai yao. Tafadhali, mama, baba, tazameni tundu kwanza. Mtu akishasingiziwa uchawi, fundi hana namna ya kulirudisha neno hilo.

Dalili ya 5: Harufu

Harufu ya soksi mbichi inayokuja dakika za kwanza tu ni uchafu na ukungu kwenye mapezi, yale mabamba membamba ya chuma ndani ya klima. Safisha vichujio, ita frigoristi aoshe ndani. Harufu ya kuoza inayozidi kila siku, pamoja na nzi, ni mnyama aliyekufa: mara nyingi mjusi kwenye ngoma ya feni au sinia la maji, mara chache panya, na mara chache sana nyoka.

Kama umeona kwa tochi kuwa ni nyoka aliyekufa, kata kuranti na usimshike kwa mkono, hata ukiwa na glavu. Kichwa cha nyoka aliyekufa, hata kilichokatwa, kinaweza kuuma saa kadhaa baadaye kwa mshtuko wa misuli, na sumu yake ni ile ile. Tumia koleo refu, mweke kwenye ndoo yenye kifuniko, mzike kwa kina mahali ambapo mbwa hawatafukua.

Dalili ya 6: Maji yanadondoka ndani ya chumba

Utelezi wa vumbi ulioziba mpira wa maji ndio chanzo karibu kila mara. Vumbi letu jekundu la kiangazi, likikutana na maji, hugeuka tope. Kisha mteremko mbaya wa mpira, barafu kwenye mapezi kwa sababu ya vichujio vichafu au gazi kupungua, na nyumba za nyigu wa udongo mdomoni mwa mpira. Chura au nyoka mdogo aliyekwama ndani huja mwisho, ila hutokea, kwa sababu mdomo wa mpira ukigusa chini unakuwa kisima cha wanyama mwezi wa nane.

Osha vichujio. Toka nje, angalia kama maji yanatoka. Mulika ndani ya mpira kwa tochi kabla ya kuingiza waya. Na usiweke mdomo wako kwenye mpira huo kupuliza! Mafundi wengi hufanya hivyo, nami nilifundishwa hivyo. Tumia pampu ya baiskeli, au mashine ya kufyonza maji.

Dalili ya 7: Kipande cha nje kinanguruma, feni haizunguki, au disjonktere inaruka

Mara nyingi ni kondensatere, kifaa kinachohifadhi umeme wa kuanzishia mota, iliyokufa kwa joto na kuranti isiyotulia. Inafuata mota ya feni iliyochoka, kisha sisimizi au mjusi aliyeungua kwenye kontaktere (swichi ya ndani ya mashine), na mwisho nyoka aliyejizungusha kwenye mhimili wa feni. Usiku wa baridi kompresere iliyotoka kufanya kazi ni jiko zuri kwa nyoka.

Mulika kupitia wavu wa mbele, mchana, ukiwa mbali. Usisukume feni kwa kijiti. Usifungue kifuniko: kondensatere hubaki na umeme hata baada ya kukata kuranti, na hiyo ni kazi ya mwenye kipimo mkononi. Disjonktere ikiruka mara mbili, usiirudishe mara ya tatu.

Ameuma, au ametema machoni

Macho: yaoshe papo hapo kwa maji mengi safi, dakika 15 hadi 20, huku kope zikifunguliwa. Usisugue. Usitie maziwa ya mama, mkojo wala dawa ya majani. Kisha hospitali.

Kuumwa: mlaze mtu, mtulize, mvue pete, bangili, saa na viatu kabla ya uvimbe. Mkono au mguu ulioumwa usitikisike. Ufunge kwa ubao na kitambaa kama uliovunjika, bila kukaza. Mbebe, asitembee. Usikate kwa wembe, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu, usimpe pombe. Na jiwe jeusi, ambalo nyumba nyingi hapa zinalihifadhi kwa imani, halitoi sumu. Linachokula ni muda. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu, na mtu mwingine apige simu mbele kuuliza kama dawa ya kuzuia sumu ipo, ili msizunguke mji mzima na mgonjwa.

Asiyehisi kitu aende pia. Sumu ya koboko inafika kwenye pumzi haraka, lakini ile ya boomslang inaweza kukaa saa nyingi kabla fizi hazijaanza kutoa damu. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na sehemu kubwa ya vifo ni watu waliochelewa njiani.

Kuziba njia

Fanya kazi hii mchana, baada ya usiku mbili mfululizo za unga (jaribio la Dalili ya 2) usio na alama ya nyoka.

Toa plastiki na sponji ya zamani kwenye tundu. Jaza pembeni mwa tuyo kwa wavu laini wa chuma uliokunjwa, kisha funika kwa mastiki au simenti, nje na ndani. Povu la kupuliza pekee halitoshi. Panya hulitafuna kwa wiki moja, na mimi mwenyewe nimerudi kuziba upya nyumba nilizozifunga kwa povu miaka ya mwanzo. Acha mpira wa maji ukiwa na mteremko wake, simenti isiubane.

Mdomo wa mpira huo uninginie juu ya ardhi, kiasi cha kiganja au zaidi, na ufungwe griyaji (wavu) yenye matundu yasiyozidi milimita 5. Griyaji hii huziba kwa utelezi, kwa hiyo isuguliwe kila mwezi mashine inapotumika, la sivyo utanipigia simu kwa Dalili ya 6. Kwenye kipande cha nje, ziba upenyo wa waya na wa tuyo ubavuni, lakini usifunike mapezi wala feni. Mashine isiyopumua inakufa.

Kisha uwanja. Hamisha magunia ya makala (mkaa) na rundo la matofali yaliyoegemezwa chini ya mashine. Kata majani mita 2 kuzunguka, na matawi ya mwembe au mparachichi yanayogusa paa. Taa ya nje iondoe juu ya klima, uifunge kwenye nguzo au pembe nyingine ya nyumba. Kama lupango yako ina kichuguu kikubwa, kama zilivyo nyingi kuelekea Kalubwe na njia ya Kipushi, usikivunje mwezi wa kumi na moja bila kuziba nyumba kwanza: wanaokaa ndani yake watatafuta ukuta ulio karibu.

Fundi mpya akija kukufungia mashine, simama naye anapotoboa. Usimlipe pesa ya mwisho kabla hujaona simenti kwenye tundu, pande zote mbili.